Herufi Zilizolewa

Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa, na jina hilo lilimganda hata alipofika miaka arobaini na mmoja na mvi zikaanza kumchungulia pembeni ya masikio. Kazini aliitwa Fundi. Kati ya majina hayo mawili palikuwa na mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na maisha yake yote yalikuwa yamejibana humo humo kwa miaka kumi na saba.

Kazi yake ilikuwa kuchora herufi. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani herufi zilishachorwa zamani, kazi ikaisha, mchoraji akaenda zake kulala. Lakini mwenye saluni hataki herufi za kwenye hati ya mahakama, na mama anayeuza asali hataki chupa yake ionekane kama dawa ya kikohozi. Wanataka herufi zenye uhai. Basi wanapanda ngazi tatu za duka la uchapaji lililobanwa kati ya fundi saa na muuza magodoro, wanamkuta Kitinda kwenye meza inayotazamana na dirisha, na dirisha linatazamana na ukuta.

Hapo ndipo alipozizaa herufi zake. K ilipiga teke. M ilisimama kwa miguu miwili na wa tatu imeuinua, kama mtu aliyekanyaga kitu kibichi. B ilikuwa na kitambi kilichouzidi mkanda nguvu. A peke yake alizichora saba, kila moja na vituko vyake, kwa sababu maneno yetu yamejaa a. Andika "maabara" uone: ziko nne ndani ya neno moja, na zikifanana zote mchezo umekwisha, linabaki gwaride. Alizichora kwa brashi kwenye karatasi pana, zikaingizwa kwenye kompyuta ya duka, na kompyuta ikafundishwa kuzipokezanisha zile a kwa zamu. Mji mzima ulizivaa, kwenye fulana, kwenye milango ya vinyozi, kwenye kuta za shule za chekechea. Watu walizitazama wakatabasamu, wasijue kwamba aliyezichora hakumbuki mara ya mwisho alipocheka mpaka akashika mbavu.

Kila siku saa sita na nusu Fundi alivua aproni, akawa Kitinda, akaenda nyumbani mbio kumpakulia baba yake chakula. Saa saba na nusu alikuwa amerudi kwenye kiti, jasho halijakauka. Jioni ilikuwa mbio tena. Wenye maduka ya njiani walikuwa wakirekebisha saa zao kwa kumtazama akipita, au ndivyo fundi saa alivyopenda kusema.

Baba alikuwa karani wa masjala. Kwa miaka thelathini na minne aliandika vyeti vya kuzaliwa kwa kalamu ya kuchovya, herufi zimenyooka twaa, hakuna iliyomgusa mwenzake. Ndiye aliyemfundisha bintiye Kitinda kuandika alipokuwa na miaka sita, rula ipo mezani, na herufi ikilala kidogo tu ukurasa mzima unarudiwa. Miaka mingi baadaye Kitinda alipomletea kadi yake ya kwanza kuchapwa, akiwa na roho juu, mzee aliitazama mbele na nyuma kisha akauliza, "Nani amezinywesha hizi? Herufi zako zimelewa, Kitinda." Hakuwa anatania. Aliirudisha kadi kwa ncha za vidole.

Mama yao alipofariki, kaka mkubwa na dada yao walikaa sebuleni wakanywa chai, na swali la nani atabaki na mzee likajibiwa kabla halijaulizwa. "Si wewe uko nyumbani?" dada yake alisema. Kwa maneno manne hayo geti lilifungwa. Tangu hapo yalimfuata kila mahali. Mzee ana homa, si wewe uko nyumbani? Paa linavuja, si wewe uko nyumbani? Kana kwamba wengine wote walikuwa wakiishi juu ya miti.

Halafu macho ya Baba yakaanza kuharibika, na yaliharibika kwa namna ya ajabu, kuanzia katikati. Pembeni aliona, katikati hakuona. Akikutazama usoni aliona masikio yako. Daktari alisema upasuaji hautasaidia, na mzee aliyekuwa akisoma gazeti mpaka matangazo ya mnada akabaki na redio.

Kitinda alimpenda baba yake, tusije tukaelewana vibaya. Alijua anapenda chai ya namna gani na anaogopa nini. Lakini kulikuwa na siku alisimama nje ya geti, mkono kwenye komeo, akahesabu mpaka thelathini kabla ya kuingia. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani kwamba unaogopa kuingia nyumbani kwenu?

Basi siku moja akaja mhariri, mama mmoja mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, kutoka kampuni inayochapisha vitabu vya watoto wanaoanza kusoma. Alikuwa ameona ukuta wa shule ya chekechea, akauliza mpaka akafika. Alitaka Kitinda akachore herufi za vitabu vyao vyote. Kazi ilikuwa ya mwaka mzima, katika mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi, na ilianza Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata.

"Utakaa na wenzako sita," mhariri alisema. "Nao ni wachora herufi. Mtagombana, lakini utazoea."

Kitinda hakuwahi kukutana na mchora herufi mwingine hata mmoja. Alisema atafikiria, akamsindikiza mgeni mpaka ngazini, kisha akaingia chooni, akafungua bomba lipige kelele, akalia.

Jumapili ile alimwambia kaka yake. Kaka alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alizungumza na watu wote kana kwamba wako upande wa pili wa barabara. "Na Baba je?" alisema. Lakini mke wake, ambaye alikuwa akishona nguo nyumbani na alikuwa na roho nzuri kuliko ukoo mzima uliomwoa, aliingilia kati. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Mzee angekaribishwa.

"Ninachoogopa ni dawa tu, Wifi," mke wa Kaka alimwambia Kitinda. "Mimi nikiwa kwenye cherehani sisikii wala sioni. Atakunywa ya kuchua akidhani ni ya presha. Akiweza kujisomea chupa zake, hata kesho mlete."

"Sawa," Kaka akasema. "Akijisomea dawa zake, wewe nenda."

Kitinda akapiga moyo konde. Alikata vibao vya karatasi ngumu, akaandika kwa wino mweusi herufi kubwa, nene, zilizonyooka, herufi za baba yake mwenyewe, maana alitaka kumheshimu. Alibandika kila chupa na kila kopo. Siku mbili baadaye mzee alijitengenezea chai, akatia vijiko vitatu vya sabuni ya unga, akanywa funda moja. Alitoa povu na matusi ambayo masjala haikuwahi kuyaandika. Herufi zile zote zilisimama sawasawa kama askari, na kwa macho yake yaliyoliwa katikati, hakuna askari aliyetofautiana na mwenzake.

Jambo lenyewe lilitokea Ijumaa. Kitinda alikuwa amerudi nyumbani na bango la kinyozi ambalo rangi yake haikuwa imekauka, akaliegemeza ukutani, akaenda jikoni. Akasikia sauti ya Baba.

"Nywele zako, shida yetu."

Alitoka na mwiko mkononi. "Umesemaje, Baba?"

"Nimesoma. Nywele zako, shida yetu. Ni upuuzi gani huu?" Mzee aligeuza kichwa pembeni kama kuku anayesikiliza, akitumia ile pembe ya jicho iliyobaki. "Hii inapiga teke. Hii ina tumbo. Hii mkia unaburuta chini." Akamgeukia bintiye. "Kitinda. Nimesoma."

Wakatazamana, yaani mmoja alitazama uso na mwingine masikio, na wote wawili wakaanza kucheka. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Zile herufi alizozionea haya maisha yake yote ndizo pekee ambazo kila moja ilikuwa na mwili wake, na jicho lake lilizitambua kama mtu anavyowatambua majirani kwa mwendo. Jumamosi nzima Kitinda alibandika upya. DAWA YA KUCHUA, teke, tumbo na mkia. Mzee alisoma chupa zote, kisha akasoma makopo ambayo hakuna aliyemwuliza.

Kaka alipokuja kuthibitisha, alimvuta Kitinda uani, akakuna kidevu. "Na daktari akibadilisha dawa? Hubadilisha kila baada ya miezi miwili. Nani ataandika, mimi? Mwandiko wangu hata mimi siusomi. Naona ni mkono wako ndio anaouweza, Kitinda. Sasa utaondokaje?"

Hapo alihisi geti likijifunga tena, na safari hii kufuli lilikuwa limechongwa na mkono wake mwenyewe. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakapata moto. Lakini njiani kurudi kazini, akiwa anatembea upesi kwa mazoea, akasimama ghafla katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akamtukana. Herufi zake si zilikuwa kwenye kompyuta? Kuchapisha kulikuwa na maana gani kama si hiyo, kwamba herufi iende mahali ambapo mkono haupo? Angemwekea Wifi, yule mke wa Kaka, herufi hizo kwenye kompyuta na printa alizoziacha nyumbani mtoto wao aliyekwenda chuoni. Wifi angebonyeza, karatasi ingetoka.

Karatasi ya kwanza aliyochapa dukani mzee hakuisoma. Alihangaika, akageuza kichwa huku na huku, akakasirika. "Hapa watu wanabadilika badilika," alilalamika. Kitinda alirudi dukani amevunjika moyo, na ilimchukua chakula cha mchana kizima kuelewa. Zile a saba! Alipoandika vibao kwa mkono alikuwa amechora a moja tu, bila hata kufikiri, ile yenye umbo kama la mtu aliyeketi kitini. Kompyuta ikafanya ilichofundishwa, ikazipokezanisha zote, na mzee wa watu akakutana na wageni saba wanaojiita kwa jina moja. Ni mchora herufi peke yake anayeweza kufanya kosa kama hilo, kujivunia kitu mpaka akasahau kwamba kuna mtu anapaswa kukisoma. Bosi wake alimpa ruhusa, akakaa siku nne akiziondoa a sita, moja baada ya nyingine. Iliuma kidogo.

Alhamisi alimpelekea Baba karatasi mpya bila kumwambia imetoka wapi. "Kidonge kimoja asubuhi, baada ya chakula," mzee akasoma, hata bila kusita. "Kwani wamebadilisha?"

Kitinda aliingia chumbani kwake, akaketi kitandani, akaweka mikono magotini. Alikuwa huru. Neno lenyewe lilimtisha kidogo, akalisema kwa sauti ndogo mara mbili.

Lakini dada yake hakuwa mtu wa kukaa na jambo kinywani. Kaka alimwambia kwa simu, naye akampigia Baba palepale. Kitinda akiwa uani anaanika nguo aliisikia simu ikipayuka kutoka sebuleni. "Hongera Baba! Sasa utahamia kwa Kaka, na Kitinda naye akatafute maisha yake!" Mzee alijibu "aha," kisha "aha" nyingine. Jioni hakumaliza chakula. Aliuliza redio imewekwa wapi ilhali ilikuwa mapajani mwake.

Jumapili wakakusanyika. Wifi alikuwa amejifunza kubonyeza mwenyewe, akaja na karatasi tatu alizochapa nyumbani, amezikunja kwenye mkoba kwa fahari. Ya kwanza iliandikwa jina la dawa. Baba aliishika, akaipindisha pembeni, akaitazama sana.

"Naona weusi tu," akasema. "Kama siafu."

Ya pili, weusi.

"Lakini Alhamisi alisoma," Kitinda alisema. "Baba, Alhamisi si ulisoma?"

"Alhamisi nilibahatisha."

Ya tatu Wifi alikuwa ameandika utani, maana hakuweza kujizuia. Kitinda aliyekuwa ameketi bega kwa bega na baba yake aliiona: Mzee wetu anakoroma kuliko jenereta. Mzee aliileta karibu na pembe ya jicho. Kona ya mdomo wake ikapanda. Tumbo likatikisika mara moja chini ya shati, na bega lake likamgusa bintiye kwa kicheko kilichozuiwa. Kisha uso ukarudi mahali pake, mtupu.

"Siafu," akasema.

Kaka akapuliza pumzi. "Basi, yaishe. Si mnaona wenyewe? Mashine haimfai. Ni mkono wa Kitinda tu." Akamgeukia Kitinda, na kwa mara ya kwanza akapunguza sauti. "Pole. Lakini si wewe uko nyumbani?"

Angeweza kusema. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini amwumbue baba yake mbele ya mkwe, amwite mwongo yule ambaye kwa miaka thelathini na minne hakukosea hata tarehe moja? Aliutazama mkono wa mzee juu ya meza, ulioishika ile karatasi kwa nguvu kupita kiasi, akaelewa kwamba anaogopa. Anaogopa chumba cha nyuma, cherehani, na kupapasa kuta asizozijua. Anaogopa kuamka siku moja asisikie hatua za bintiye. Kitinda alimwonea huruma, na alimchukia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja. Akanyanyuka akatoa vikombe.

Siku tatu hakuzungumza zaidi ya lazima. Alichora bango la duka la viatu, na bosi akalirudisha. "Fundi, hizi zinanuna," alisema, naye alikuwa sahihi. Mhariri alipiga simu kuuliza kama amwekee meza ya dirishani au ya ukutani. Kitinda alisema atamjibu kesho. Kisha akakaa mbele ya kompyuta ya duka, akaandika mistari mitatu kwa herufi kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu, zikiwa na a ile moja, akachapa, akavua aproni.

Baba alikuwa sebuleni, redio imezimwa. Kitinda alimpakulia chakula, akangoja ale, akaondoa sahani. Halafu akavuta kiti akaketi mbele yake na kumwekea karatasi mikononi.

"Imeandikwa nini, Baba?"

Mzee aligeuza kichwa. Jicho lake lilitembea juu ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia, likarudi, likatembea tena, likarudi, likatembea mara ya tatu. Siafu hawasomwi hivyo.

"Sioni," akasema. "Sioni kitu, mwanangu."

"Haya. Basi nitakusomea."

Aliinama, vichwa vyao vikakaribiana. Moyo ulimdunda kana kwamba ana miaka sita na rula ipo mezani.

"Baba, naondoka Jumatatu," alisoma. Akashuka mstari wa pili. "Najua unasoma."

Mstari wa tatu alikuwa ameuandika kwa haraka, bila kufikiri, kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika wakiondoka. Hakujua kama ni kweli. Alifikiria wale wachora herufi sita wanaogombana, na dirisha ambalo huenda halitazami ukuta, akaona hawezi kumwambia baba yake jambo hilo kwa mdomo. Akainua kichwa.

"Ndiyo hivyo tu," akasema.

Mzee hakuiachia karatasi. Kidole chake, kile cha kushikia kalamu, kilipapasa kushuka chini polepole, kikatulia chini ya neno la mwisho, nitarudi.

"Umeruka mstari," akasema.